Puran Singh: Fundi wa Kericho Aliyekuwa Baba wa Birmingham

Katika mji wa Birmingham, huko Uingereza, mtaani Handsworth, kuna barabara iitwayo Soho Road, na kando ya barabara hiyo lipo jengo kubwa la ibada la Makalasinga. Ukiingia humo ukauliza ni nani aliyeianzisha jamaa hii, utatajiwa Kerichowale Baba, ambalo kwa Kipunjabi ni kusema Baba wa Kericho. Ndiyo, Kericho hii yetu ya majani ya chai, ya mvua za alasiri na baridi inayomtesa mtu wa pwani.

Jambo hili lanistaajabisha kila nikilifikiri. Mtu huyu alizaliwa Punjab, akafa Uingereza, na waliomfuata ni watu wa asili ya Kihindi wanaoishi katika nchi ya Wazungu. Lakini hawakumpa jina la kijiji alikozaliwa, wala la mji wa Kizungu alikomalizia umri wake. Walimpa jina la mji mdogo wa bara ya Kenya, alikopiga nyundo na kukata mbao kwa miaka mingi. Jina lake hasa lilikuwa Puran Singh.

Alizaliwa mwaka 1898. Akiwa bado kijana alivuka bahari akaja huku kwetu, kama walivyokuja wenzake wengi wa wakati ule. Wa kwanza kuja kwa wingi walikuwa wale vibarua na mafundi walioletwa na Mwingereza kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi ziwani, kazi iliyoanza 1896 na kufika Kisumu 1901. Waliletwa takriban 32,000, wengi wao kutoka Punjab. Kiasi cha 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na simba wa Tsavo, wengine wakarudi kwao, na zaidi ya 6,700 wakabaki. Waliobaki waliandikia nyumbani, na barua zile zikawavuta ndugu na majirani.

Sisi wa Mombasa na Lamu twawajua Wahindi wa kila namna. Twamjua Bohora na duka lake la misumari na kufuli, twamjua Ismailia, twamjua Banyani na mizani yake. Hao aghlabu walikuja na bidhaa. Kalasinga alikuja na msumeno. Makalasinga walioingia Afrika Mashariki walikuwa kwa wingi watu wa koo za mafundi: seremala, mhunzi, mwashi. Hata jina hili la Kalasinga, wasemavyo watu, latokana na mfanyabiashara mmoja wa zamani aliyeitwa Kala Singh, ambaye jina lake Waafrika walilipenda wakawavika wote wenye vilemba na ndevu. Basi tangu hapo, gari likiharibika njiani au kinu kikikatika mhimili, neno la kwanza lilikuwa kumtafuta Kalasinga.

Puran Singh alikuwa mmoja wa mafundi hao, na riziki yake ikamfikisha Kericho.

Kericho ya siku hizo haikuwa pahala pa amani kwa kila mtu. Nchi ile ni ya Wakipsigis, na sehemu kubwa ya ardhi yao nzuri, kuanzia Kericho hadi upande wa Sotik na Bomet ya leo, ilichukuliwa na Serikali ya kikoloni ikagawiwa walowezi na makampuni. Miaka ya 1924 na 1925 makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na lile la James Finlay, yaliingia na kuanza kupanda. Mwaka 1934 ukoo mzima wa Talai, uliokuwa na orkoiik, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mashamba yakajaa vibarua, Wakipsigis, Wajaluo, Wakisii na wengineo, wakilala katika nyumba za laini na kuchuma tangu alfajiri. Juu kabisa aliketi meneja Mzungu katika bangalo lake.

Na Mhindi je? Mhindi alikuwa katikati. Waraka wa Serikali ya Uingereza wa mwaka 1923, ule wa Devonshire, uliithibitisha milima ile kuwa ya Wazungu, Mhindi asimiliki shamba. Alichoruhusiwa ni kiwanja mjini, akafungua duka au karakana. Kwa hivyo Kalasinga wa Kericho alikuwa mtu asiyeweza kupanda hata mche mmoja wa chai kwenye milima ile, lakini bila yake chai isingefika kiwandani. Yeye ndiye aliyeunda magari ya kukokota, akatengeneza trela, akafunga mashine, akainua mapaa ya mabati. Karakana ya Puran Singh ilijulikana kwa jina la Kericho Wagon Works, na jina lenyewe linakwambia kazi yake.

Kwa kuwa twamzungumza fundi wa Kericho, sitaacha kumtaja mwingine ambaye vijana wa zamani hawamsahau. Joginder Singh, bingwa wa Safari Rally wa miaka ya 1965, 1974 na 1976, alizaliwa Kericho mwaka 1932. Kilemba chake kilipita kwa kasi mbele ya macho yetu katika vumbi na matope, na mtoto wa Kiswahili, wa Kikamba, wa Kikipsigis, wote walikuwa wakimshangilia. Hakuna aliyeuliza kama yeye ni wa kwetu au si wa kwetu. Naye alifia London mwaka 2013. Angalia tena njia ile ile: Kericho, kisha Uingereza.

Turudi kwa Puran Singh. Utajiri wake, au tuseme sifa yake, haikutoka kwenye karakana pekee. Mtu huyu alishika dini yake sawasawa. Ili msomaji Mwislamu asipotee, niseme maneno machache juu ya dini hiyo. Mwanzilishi wake ni Guru Nanak, aliyezaliwa 1469 na kufa 1539, na mwandani wake katika safari zake ndefu alikuwa Mwislamu aitwaye Mardana, aliyempigia rababu. Kitabu chao, Guru Granth Sahib, kina kurasa 1,430, na ndani yake zimo tungo za Sheikh Farid, sufii mkubwa wa Punjab. Mwaka 1699 Guru wao wa kumi, Gobind Singh, aliwafunga wafuasi wake kwa kiapo, akawaita Khalsa. Aliyesoma chuoni atalisikia neno hilo akatabasamu, kwani asili yake ni Kiarabu, ni lile lile tulitumialo tukisema dhahabu khalisi. Aliyekula kiapo hicho hunywa maji yaitwayo amrit, na huwa na alama tano asizoziacha: nywele zisizokatwa, kitana cha mti, bangili ya chuma, jambia na suruali fupi ya ndani. Kilemba ndicho kifuniko cha nywele hizo.

Itikadi yao si yetu na yetu si yao, na wala si kazi ya ukurasa huu kuzichanganya. Lakini mtu mwenye adabu atambua ibada anapoiona.

Puran Singh hakuwa na cheo cha dini. Alikuwa fundi aliyeamka kabla ya mapambazuko kumdhukuru Mola wake, kisha akaenda kazini. Katika Kericho alikusanya watu wa kusoma kitabu chao kwa mfululizo, usiku na mchana, wakipokezana bila ya kukatiza, kisomo ambacho huchukua kiasi cha siku mbili. Watu wakaanza kumjia kutoka miji mingine ya Kenya na hata Uganda. Nao wakamwita sant. Mtu wa pwani angesema walii, ingawa maneno haya hayalingani kila upande.

Fundisho lake kubwa lilikuwa neno moja, nishkam. Ni kutenda jema bila ya kutaka malipo, wala sifa, wala hata shukrani. Sisi twaliita ikhlasi. Kwa Makalasinga jambo hili huonekana jikoni. Kila gurdwara, yaani nyumba yao ya ibada, huwa na jiko la kulisha yeyote anayeingia, awe wa dini gani, na wote huketi chini mstari mmoja, tajiri na hohehahe. Chakula hicho hakina nyama, kwa hivyo Mwislamu hana haja ya kuuliza imechinjwa na nani. Wengi wetu tuliosafiri kwa gari kutoka Mombasa kwenda Nairobi twaijua ile ya Makindu, iliyojengwa 1926. Mimi mwenyewe nimekula chapati na dengu pale zaidi ya mara moja, nikapewa chai juu yake, na hakuna aliyeniuliza jina langu.

Hata hivyo tusitie chumvi. Katika Kenya ya mkoloni Wahindi waliishi peke yao, wakaoana wao kwa wao, wakajenga shule zao na hospitali zao, na wengi waliwatazama Waafrika kwa jicho la juu. Mwingereza ndiye aliyepanga tabaka hizo, lakini waliokaa katika daraja ya pili hawakulalamika sana kuhusu waliokuwa chini yao. Walikuwako waliovunja ukuta huo. Makhan Singh, Kalasinga aliyeongoza vyama vya wafanyakazi, aliwekwa kizuizini na Serikali ya kikoloni tangu 1950 hadi 1961 kwa kudai uhuru wa Mwafrika. Puran Singh hakuwa mtu wa siasa. Lakini karakana ni shule isiyo na kengele. Katika karakana za Makalasinga kote Kenya vijana wa Kiafrika waliingia wakiwa wa kushika taa na kupitisha spana, wakatoka mafundi.

Uhuru ulipokuja Desemba 1963, Wahindi walipewa miaka miwili kuchagua uraia. Wengi walisitasita, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 zikatungwa sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, na asiye raia akaona mlango wafungwa. Wakaanza kukimbilia Uingereza kwa maelfu. Uingereza nayo ikaogopa, na mnamo Machi 1968 ikapitisha haraka sheria ya kuwazuia watu hao hao waliokuwa wakibeba pasipoti zake. Mwezi uliofuata, mbunge Enoch Powell alitoa hotuba yake mbaya dhidi ya wageni, na mji aliouchagua kuitolea ulikuwa Birmingham. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90.

Fikiri hali yao. India wengi wao hawakuizaliwa tena. Afrika imewaambia waamue au waondoke. Uingereza imewaambia wamejaa. Mtu wa namna hiyo ni wa wapi?

Na Uingereza ilikuwa na mtihani wake mwingine. Makalasinga waliotangulia kwenda huko moja kwa moja kutoka Punjab, katika miaka ya 1950, walitafuta kazi katika viwanda vya chuma, na wengi walijikuta wamesimama mbele ya kinyozi. Waliambiwa, au waliona wenyewe, kwamba mwenye ndevu na kilemba hapati kazi. Basi walinyoa. Walijisemea ni kwa muda tu. Katika mji wa Wolverhampton, jirani na Birmingham, mzozo ulizuka mwaka 1967 kwa sababu dereva mmoja wa basi alirudi kazini amevaa kilemba na kuachia ndevu, akafukuzwa. Ugomvi huo ulichukua miaka miwili, maandamano juu ya maandamano, hadi mamlaka ya mji yakaregeza kamba Aprili 1969.

Hapo ndipo walipoingia Makalasinga wa Afrika Mashariki. Hao walikuwa watu wa aina nyingine. Walikwisha kuishi miaka sitini au sabini mbali na Punjab, wakiwa wachache kati ya wengi, na katika muda huo wote hawakunyoa. Kenya hakuna aliyewaambia wavue kilemba ili wapewe kazi, kwani hapa kilemba kilikuwa ndiyo hati ya ufundi. Mwanachuoni Parminder Bhachu aliwaandikia kitabu mwaka 1985 akawaita wahamiaji wa mara mbili, na alionyesha jinsi walivyofika Uingereza na alama zao za dini zikiwa imara kuliko za wengi waliowakuta huko.

Katika miaka hiyo ya 1970 Puran Singh naye alikwenda Uingereza. Umri wake ulikuwa umepita sabini. Wazee wa umri huo kwetu huketi barazani wakangoja wajukuu wawaletee kahawa. Yeye alianza kazi upya, kama kwamba amefungua karakana ya pili. Kundi lililomzunguka lilipewa jina la Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha, yaani jamaa ya watumishi wa Guru Nanak wasiotaka malipo, likaweka makao yake Soho Road.

Aliwataka nini? Hakuwataka wauchukie mji waliomo, wala waishi kama watu waliokaa stesheni wakingojea treni ya kurudi kwao. Aliwahimiza waliokata nywele wazifuge tena, wafunge vilemba, wanywe amrit, waache pombe na nyama, wasome kitabu chao kwa pamoja, na mikono yao ifanye kazi ya bure kwa ajili ya watu. Wafuasi wake wakajulikana kwa vilemba vyeupe. Fundi wa umeme akija jioni kutoka kazini alikwenda kufagia ukumbi, mhandisi alikwenda kukanda unga. Kalasinga wa Birmingham aliyetoka Nairobi au Kampala akajikuta tena yuko kati ya watu wanaojua mwiko na randa.

Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha maisha ya mtu huyu. Wengi walidhani kuna njia mbili tu kwa Mhindi aliyeko kwa Wazungu: ama ajifanye Mzungu, ama aishi akiililia India. Yeye alileta njia ya tatu, na hakuitoa kitabuni. Aliitoa Kericho. Huko alikuwa ameishi miaka na miaka na kilemba chake, na watu walimjua kwa kilemba hicho na kwa kazi yake. Hakuona kwa nini Birmingham iwe vingine.

Nina mpwa wangu wa kike anayeishi Uingereza, mzaliwa wa Mji wa Kale. Aliponipigia simu mwaka wake wa kwanza wa kazi, alitaka nimwambie kama ni vibaya kuacha mtandio mpaka azoeleke ofisini, kisha aurudishe. Sikuwa na fatwa ya kumpa, mimi si sheikh. Nilimsimulia habari za wale waliokwenda kwa kinyozi kwa muda tu, na ule muda ulivyokuwa mrefu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza bei ya samaki Mombasa. Hadi leo sijui aliamua nini siku ile, ila picha alizonitumia baadaye ana mtandio.

Njia ya Puran Singh haikuwa nyepesi, wala haikumfaa kila mtu. Kijana aliyezaliwa Birmingham, anayetaka kucheza mpira na kwenda sinema na wenzake, huenda aliziona sheria zile kuwa nzito mno. Wapo Makalasinga wema wasiofuata jamaa ile. Lakini hata Uingereza yenyewe ilianza kubadilika. Mwaka 1976 Bunge lao lilipitisha sheria ya kumruhusu Kalasinga kuendesha pikipiki kwa kilemba badala ya helmeti. Mnamo Machi 1983 mahakama yao ya juu, katika kesi ya mtoto mmoja aliyekataliwa na shule ya Birmingham kwa sababu ya kilemba na nywele zake, ilihukumu kwamba Makalasinga ni jamii inayolindwa na sheria dhidi ya ubaguzi. Mambo hayo yalipiganiwa na wengi, wala simpi yeye sifa isiyokuwa yake.

Puran Singh alifariki mwezi Juni wa mwaka huo huo wa 1983, akiwa na miaka 85 au karibu yake.

Uongozi wa jamaa yake ukashikwa na Norang Singh hadi 1995, kisha na Mohinder Singh, mhandisi mzaliwa wa Uganda aliyekuwa amefanya kazi ya kujenga nyumba Zambia. Utaona kwamba Afrika haikuwatoka. Mwaka 1995 jamaa hii ya Birmingham ndiyo iliyokabidhiwa kazi ya kuipaka upya dhahabu nyumba yao tukufu ya Amritsar, huko Punjab, kazi iliyomalizika 1999. Mafundi walijitolea. Msomaji Mwislamu atapenda kujua kwamba katika mapokeo ya Makalasinga, jiwe la msingi la nyumba hiyo liliwekwa na Mian Mir, sufii wa Lahore. Wanahistoria huenda wakabishana, lakini wenyewe husimulia hivyo kwa fahari. Hivyo watoto na wajukuu wa mafundi wa Afrika Mashariki, wakiongozwa na kumbukumbu ya fundi wa Kericho, walirudi Punjab si kuomba kutambuliwa, bali na nyundo na bati za dhahabu mikononi.

Huko Birmingham jamaa imefungua shule, na wanaosoma humo si watoto wa Makalasinga tu.

Na Kericho? Mwaka 2014 ilifunguliwa pale gurdwara kubwa, nyeupe, yenye makuba, kwenye mji ule alioishi na kufanya kazi Puran Singh. Husemwa kuwa ndiyo kubwa kuliko zote barani Afrika. Kando yake kuna mambo mengine ya jamaa hiyo, na ipo taasisi yenye jina lake ambapo vijana wa Kenya hufundishwa ufundi. Kila mwaka huja mahujaji kutoka Uingereza. Wazee waliozaliwa Nakuru na Kisumu huja na wajukuu ambao matamshi yao ya Kiingereza ni ya Birmingham hasa, na Kiswahili chao ni cha babu: karibu, pole pole, fundi, spana, chakula tayari.

Watoto hao wakishuka garini kwanza hushangaa ule ukijani wa chai usio na mwisho. Kisha huvua viatu, hufunika vichwa, na huketi chini kwenye mstari ule ule na mchuma chai aliyetoka shambani, na mpishi, Kalasinga au Mkipsigis, hupita na ndoo ya dengu akimwagia kila mtu sahanini.